Mjane Alifunga Mlango
Somo: 2 Wafalme 4:1-7

Jumapili nilisema nina jambo la kuungama. Dada mwenyewe ameniruhusu niliandike.

Hapa Athi River karibu kila nyumba ina mtu aliyewahi kupita geti la EPZ. Tangu sheria ya EPZ ya 1990, na hasa AGOA ilipofungua soko la Marekani mwaka 2000, wengi wetu tumelishwa na cherehani. Dada huyu alishona kiwandani miaka minane: kola tu. Kwenye laini kila mtu ana kipande chake, huyu kola, yule mfuko, mwingine vifungo. Aliposimamishwa kazi alikuwa na mkono mwepesi kuliko fundi yeyote mtaani, lakini gauni hajui kulikata.

Alinijia. Mimi na digrii yangu ya biashara nikamwambia, "Dada, chukua mkopo wa chama, kodisha duka barabarani, watu wakuone." Akanitii. Miezi mitatu tu, kodi ikala mkopo wote.

Sasa mwangalieni yule mjane. Elisha hakumtuma sokoni kwanza. Alimuuliza alicho nacho ndani ya nyumba, akamtuma kwa majirani kuazima, si mafuta, ila vyombo vitupu. Kisha afunge mlango amimine, wanawe wakimletea. Kuuza kulikuja baadaye, halafu deni, halafu ndipo kula. Mpangilio huo niliusomea miaka minne chuoni na bado nikaupindua!

Dada alirudisha cherehani nyumbani, chumba kimoja. Kitanda akakiinua kwa mawe, vitambaa vikakaa chini yake kwenye mifuko iliyofungwa, maana vumbi la saruji la hapa kwetu mnalijua. Shati jeupe likilala wazi usiku mmoja linaamka la kijivu. Cherehani ikaenda dirishani, kupunguza tokeni za stima. Meza ya kulia ndiyo ya kukatia, na saa kumi na mbili jioni inapanguswa watoto wale. Pini na sindano ziko kwenye kopo lenye kifuniko, juu ya kabati, kwa sababu ya yule mdogo. Pesa za kazi zina kopo lao pia, na hazinunui unga kabla ya kuandikwa daftarini.

Na vyombo vya kuazima? Mama jirani, fundi wa zamani, alimwazima karatasi zake za vipimo akamfundisha kukata sketi za shule.

Deni la chama bado lipo. Majuzi alilipa kidogo, akaniambia, "Pasta, mafuta bado yanamiminika." Nikacheka, lakini usiku usingizi ulikataa. Lile deni lilitoka mdomoni mwangu. Mimi na mke wangu tumeamua kulipa nusu yake.

Kwako kuna cherehani iliyogeuka meza ya televisheni? Tuonane Jumatano baada ya ibada. Kuna dada wengine wawili wanaotafuta ya kuazima.