PDF ya wizi

Mdogo wangu anasomea ualimu wa Kiingereza, yuko kwenye mazoezi ya kufundisha sekondari moja hapa Ilala. Darasa lina watoto sabini, nakala za *Passed Like a Shadow* ya Bernard Mapalala ni tano. Shuleni simu marufuku, ila jioni wanashika za wazazi.

Juzi Kariakoo, Mtaa wa Kongo, katikati ya msongamano, akaniuliza: "Kaka, nikiwarushia PDF WhatsApp, nimeiba?"

Umeiba, nikamjibu fasta. Mimi nakula kwa kuandika.

Halafu nikakumbuka: riwaya hiyohiyo mimi niliijibia mtihani kwa notisi za kopi, kitabu sikukifungua. Mwandishi hakupata hela yangu, wala msomaji hakunipata. Hao wa PDF angalau watamsoma.

Nimemnunulia nakala mbili. PDF hajaniambia kama kaituma, nami sijauliza.