Usikimbilie Ufagio

Somo: Luka 12:13-21, Yohana 5:1-9

Jumapili tulisoma habari za yule tajiri aliyetaka kubomoa ghala zake ajenge kubwa zaidi. Baada ya ibada niliulizwa swali: na mtu ambaye nyumba yake imejaa magazeti, chupa na nguo kuukuu mpaka kitandani hapalaliki, je, naye ni kama huyo tajiri?

Hapana. Tajiri wa Luka 12 aliifurahia mali yake, akapanga kula, kunywa na kustarehe. Huyu mwingine hana starehe yoyote. Ana aibu, hata wageni hawafungulii mlango. Ukimwambia atupe risiti ya zamani, anashikwa na wasiwasi mkubwa kana kwamba umemwambia amtupe mtu. Wapendwa, huo ni ugonjwa wa akili. Madaktari wa akili wa Marekani waliuorodhesha kama ugonjwa unaojitegemea mwaka 2013, na uko pia katika orodha ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika 2022. Kwa hivyo tusiseme ni uvivu, wala tusikimbilie kukemea pepo.

Mimi nilisomea biashara. Tulifundishwa kwamba stoki isiyotoka ni hasara: punguza bei, uza, upate nafasi. Hesabu hiyo haimsaidii mgonjwa huyu, kwa sababu kwake kila kitu kina kazi kesho, ama kinamkumbusha mpendwa aliyeondoka.

Kuna kisa cha New York kinachojulikana sana. Mwaka 1947, ndugu wawili, Homer na Langley Collyer, walikutwa wamekufa ndani ya nyumba yao. Hawakuwa watu wa kutosoma: baba yao alikuwa daktari, Homer mwenyewe alikuwa wakili. Homer alipopofuka, Langley alimwekea magazeti ya miaka mingi, ati siku macho yakifunguka asome yote. Mwishowe rundo lilimwangukia Langley, na Homer, ambaye pia alikuwa amepooza, akafa njaa. Vitu vilivyotolewa humo vilizidi tani 120. Mmeona? Chini ya lile rundo kulikuwa na upendo, lakini ugonjwa uliua wote wawili.

Ndiyo maana siwaambii tunyamaze. Stovu ya mafuta taa ikilipuka kwenye nyumba iliyojaa karatasi, na mlango umezibwa, nani atatoka? Tufanye nini basi?

Kwanza, tusivamie. Kuna wanaotaka kuleta vijana na pikapu mwenyewe akiwa safarini, akirudi akute nyumba inang'aa. Nia ni njema, lakini mara nyingi nyumba hujaa tena, na yeye hatawaamini tena jamaa zake. Pale Bethzatha, Yesu alimkuta mtu aliyeugua miaka 38, na bado alimwuliza kwanza kama anataka kuwa mzima. Kama Bwana aliomba ruhusa, sisi ni nani?

Pili, tuanze na usalama. Mwombe mfungue tu njia ya mlangoni na pale karibu na jiko. Aamue mwenyewe kinachotoka.

Tatu, tumsindikize kwa daktari. Kuna tiba ya mazungumzo inayomfundisha mtu kuchagua na kuachilia kidogo kidogo. Nairobi tuna hospitali ya Mathari, na kwingine ulizia hospitali kubwa ya kaunti yako. Ni kazi ya miezi mingi, si ya Jumamosi moja. Na kumwona daktari si kukosa imani. Luka mwenyewe alikuwa tabibu.

Wiki hii, kama kuna mtu ambaye hajakaribisha ushirika nyumbani kwake kwa muda mrefu, usimseme. Mpigie simu, mkutane nje, mnywe chai, umsikilize.

Tuombe: Baba, tupe subira ya kubisha hodi na kungoja tufunguliwe. Waponye wanaoumia nyuma ya milango iliyofungwa. Katika jina la Yesu, amina.