Filadelfia: Jina na Deni Lake

Soma Ufunuo 3:1, 7–13. Sardi ilikuwa na jina gani? Mshindi wa Filadelfia anaahidiwa jina gani?

Huku kwetu Nzega mtoto hupewa jina la babu yake, na wazee humtazama waone kama atafanana naye. Makanisa nayo huchukua majina kutoka katika Biblia: Bethania, Antiokia, Filadelfia. Je, jina jema humfanya mwenye nalo kuwa mwema?

Filadelfia maana yake ni upendo wa ndugu. Mji huo wa Asia Ndogo, ambao leo ni Alaşehir nchini Uturuki, unabeba jina la sifa la Attalus wa Pili wa Pergamo. Mwaka 167 K.K. baadhi ya wakuu wa Roma walimshawishi ajiombee ufalme, kinyume cha kaka yake, Mfalme Eumenes. Alikataa. Nyuma ya jina lile kulikuwa na tendo.

Lakini kulikuwa na Filadelfia nyingine. Ptolemy wa Pili wa Misri aliupa jina hilo mji wa Raba ya Waamoni, ambao sasa ni Amman, Yordani. Mwandishi Myunani Pausanias anasimulia kwamba mfalme huyo aliwaua ndugu zake wawili. Tena ni mbele ya kuta za Raba ndipo Uria alipouawa kwa hila ya barua ya Daudi (2 Samweli 11:14–17).

Mwaka 1682 William Penn alianzisha Philadelphia ya Marekani, akitamani mji ambamo watu wa imani mbalimbali wangeishi kwa amani. Mwaka 1684 meli Isabella ilishusha hapo Waafrika wapatao 150, wakauzwa. Sisi tunaokaa karibu na njia ya misafara, ambako watumwa na pembe za ndovu walipitishwa Tabora kwenda Bagamoyo, twajua kwamba mnyororo haupungui uzito kwa uzuri wa jina la mji. Hata hivyo, mwaka 1688 Wakristo wanne wa Germantown, jirani na mji huo, waliandika waraka wa kupinga utumwa kwa kanuni ya Mathayo 7:12. Hao walianza kulipa deni la jina la mji wao.

Sasa tuseme kanisa linaitwa Filadelfia, na washiriki wawili hawasalimiani kwa sababu ya mpaka wa shamba. Mmoja atasema, “Tuliondoe jina hili, ni unafiki.” Lakini kufuta jina hakupatanishi ndugu. Heri jina libaki ukutani likitudai kila Sabato. Hatari ni ile ya Sardi: kuridhika na jina kana kwamba deni limekwisha kulipwa.

Kristo hakuwasifu Wafiladelfia kwa jina la mji wao. Aliwasifu kwa sababu, wakiwa na nguvu kidogo, walilitunza neno lake wala hawakulikana jina lake (fungu la 8). Jina ambalo halitabadilika ataliandika Yeye mwenyewe juu ya mshindi (fungu la 12).

Maswali ya kujadili:

1. Kanisa au kikundi chenu kinaitwaje? Jina hilo linawadai nini?

2. Soma 1 Yohana 4:20. Kuna ndugu ambaye unapaswa kumwendea kabla ya Sabato ijayo? Utaanza na neno gani?