Kioo Kinachovumilia

Wahenga walisema, kufa kikondoo ndiko kufa kiungwana. Mwenye maumivu asiyelia huhesabiwa kuwa muungwana. Nasomea shahada ya uzamili ya uhandisi, na somo la umeme katika ndege limenifanya niitilie shaka sifa hiyo.

Bodi ya alumini hupitisha umeme. Radi ikiipiga, mkondo hutambaa juu ya ngozi yake, labda ukaingilia puani na kutokea mkiani, na abiria wakabaki salama ndani. Kioo cha mbele cha rubani ni kinyume chake. Ndege inapopita katika theluji kavu, vumbi au chembe za barafu, msuguano huacha chaji juu ya kioo. Kwa kuwa kioo hakipitishi umeme, chaji haina pa kwenda. Inakaa, inaongezeka, na kwa macho kioo ni kile kile. Mwishowe cheche huruka juu ya uso wake, au hukitoboa hadi kwenye utando wa kukipasha joto. Katika ndege za kivita, ambako paa la plastiki angavu liko karibu na kichwa cha rubani, shoti inaweza kumfikia yeye mwenyewe.

Tunamsifu anayevumilia kana kwamba mateso yake ni mali yake peke yake. Mama yangu alisifiwa miaka mingi kwa kutosema lolote kuhusu ndoa yake. Cheche zilitupiga sisi watoto, kwa kosa la kuvunja kikombe.

Je, basi kila mtu apige kelele? Hapana. Wahandisi hupaka juu ya kioo utando unaopitisha umeme, kwa mfano wa oksidi ya indiamu na bati, mwembamba kiasi kwamba rubani anaendelea kuona. Kisha huuunganisha na fremu ya chuma. Chaji huvuja kidogo kidogo kwenda kwenye bodi nzima, na vijiti vyembamba vya nyuma ya mabawa huirudisha hewani. Kioo hakipotezi uangavu wake.

Naamini uvumilivu ni fadhila pale tu mtu anapokuwa na fremu: mtu wa kumwambia leo kilichotokea leo. Bila hiyo ni kuahirisha, na atakayelipa ni aliyekaa karibu zaidi. Wala deni si la mvumilivu peke yake. Waliomsifu mama walikaa nyumba ya pili. Hakuna aliyewahi kumuuliza.