Mwamba Unaopanda Bila Kufika

Mwaka 1834 Robert Addams aliandika alichokiona kwenye maporomoko ya Foyers, karibu na Loch Ness huko Uskoti. Alikuwa ameyakodolea macho maji yanayoanguka. Alipohamishia macho kwenye mwamba wa pembeni, mwamba ukaanza kupanda.

Ulipanda, lakini haukufika popote. Anayetazama huuona ukienda, na papo hapo huuona uko palepale. Tumezoea kusema kwamba mwendo ni kubadili mahali. Mahali pasipobadilika, basi, kilichoonekana kikienda ni nini?

Addams alidhani macho yenyewe huteleza bila mtu kujua. Lakini Joseph Plateau, mwanafizikia wa Ubelgiji aliyekuwa ameshapofuka, ametuachia jaribio linaloiangusha hoja hiyo. Zungusha mchoro unaojiviringa kama gamba la konokono hadi uonekane unanywea, kisha mtazame mwenzako usoni: uso utavimba pande zote. Jicho gani huteleza pande zote kwa mpigo?

Maelezo ya siku hizi ni kwamba ubongo una seli za mwendo wa kushuka na za mwendo wa kupanda, nazo hushindana kila wakati. Maji yakizichosha za kushuka, za kupanda hushinda hata mbele ya jiwe lililotulia. Kwa hiyo mwendo hatuukisii tu kwa kulinganisha kitu kilikuwa wapi na sasa kiko wapi. Tunauhisi wenyewe, kama tunavyohisi rangi.

Na kinachohisiwa peke yake kinaweza kupotea peke yake. Mwaka 1983 Josef Zihl na wenzake, Ujerumani, walieleza habari za mwanamke aliyepata madhara nyuma ya ubongo, pande zote mbili. Alipomimina chai aliiona imeganda kama barafu, wala hakujua lini aache, maana hakuiona ikipanda kikombeni. Gari lilikuwa kule mbali, mara likawa hapa.

Zeno wa Elea, mwanafalsafa wa Kigiriki, alidai kwamba mshale, kila nukta ya safari yake, umetulia, basi hauendi. Sisi tunambishia kwa raha, tena tukiwa sinema, mbele ya picha tuli 24 kila sekunde. Wanaosema huko macho yanadanganywa hudhani kuna kuona safi zaidi, kusikoongezwa kitu na ubongo. Sikubaliani nao. Yule mwanamke wa Zihl alipunguziwa nyongeza hiyo, na hakuuona ukweli zaidi yetu; barabarani ilimbidi ajifunze kukadiria ukaribu wa gari kwa kusikiliza mlio wake unavyokua.