Bustani Chini ya Nyiragongo

Katika imani ya kale ya Wanyarwanda, walioingizwa kwenye ibada ya Ryangombe walikwenda mlima Karisimbi baada ya kufa. Wengine walitupwa katika moto wa volkano ya Nyiragongo. Jehanamu ilikuwa na anwani, tena jirani kabisa na mji wa Gisenyi.

Ila udongo wa volkano ndio unaonenepesha karoti, vitunguu na mchicha katika akarima k'igikoni, bustani ndogo ya nyumbani. Ng'oa karoti, vidole vinabaki vyeusi.

Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ulilipuka, na matetemeko yakapasua kuta za mjini. Je, Mungu ashukuriwe kwa karoti, asiulizwe kuhusu kuta? Aulizwe. Ayubu aliuliza, na mwishoni waliokemewa ni rafiki zake waliojifanya mawakili wa Mungu.