Kushika na Kubaki

Gemu nyingi hushika. Chache hubaki. Vitenzi hivi viwili tunavichanganya sana, na ubishi wetu kuhusu gemu bora ukikwama, mara nyingi umekwama hapo. Mmoja atasema gemu fulani ni kali kwa sababu alikesha nayo wiki nzima. Wa pili atasifia picha zake, kwamba hata jasho la mchezaji linaonekana shingoni. Wa tatu atazungumzia ukubwa wa ramani. Wote watatu wanaeleza namna walivyoshikwa. Kilichobaki baada ya kuzima hakitajwi.

Nauliza swali hili kwa dhati, si kwa ajili ya kupanga kumi bora. Watu wa rika langu tumetumia maelfu ya saa mbele ya vioo hivi, na saa hizo ni maisha kama saa nyingine. Kama hazikuacha kitu, basi wazazi waliotuambia tunapoteza muda walikuwa sahihi na tukubali yaishe. Kama ziliacha kitu, tuweze kukitaja.

Kushika ni ufundi, na siku hizi ni biashara. Gemu ya simu inakupa zawadi ukiifungua kila siku, na ukiruka siku moja hesabu inaanza upya. Inakunyima nafasi ya kucheza kwa nusu saa ili uitamani, kisha inakuuzia njia ya kuikwepa hiyo nusu saa. Inakupa sanduku lililofungwa ulilipie kabla hujajua ndani mna nini. Mwaka 2018 tume ya michezo ya kubahatisha ya Ubelgiji iliamua kwamba masanduku ya namna hiyo katika baadhi ya gemu kubwa ni kamari kisheria. Mtu aliyewahi kuyafungua hakuhitaji tume kumweleza. Mwili unajua: moyo unadunda, sanduku linafunguka, halafu hakuna kitu. Nimecheza gemu za aina hiyo kwa miezi, na leo siwezi kukusimulia hata dakika moja ya yaliyotokea humo.

Kwa hiyo wingi wa saa si kipimo. Picha je?

Mwaka 1984, mjini Moscow, Alexey Pajitnov alitengeneza Tetris kwenye kompyuta ya Elektronika 60, mashine isiyoweza kuchora picha. Vile vipande alivijenga kwa alama za mabano. Maumbo ni 7, kila moja lina miraba 4, yanaanguka, unayapanga, mstari ukijaa unafutika. Hakuna hadithi wala shujaa, na katika mchezo wake wa kawaida hakuna mwisho zaidi ya kushindwa. Miaka 40 baadaye bado watu wanaicheza, na aliyeicheza mchana kutwa anaijua hali ya kufumba macho usiku akaona vipande vikishuka gizani.

Hali hiyo imechunguzwa. Mwaka 2000 Robert Stickgold na wenzake wa Harvard walichapisha utafiti katika jarida la Science kuhusu picha zinazowajia watu pale usingizi unapoanza kuwachukua, baada ya kucheza Tetris. Miongoni mwa wachezaji walikuwamo wagonjwa waliopoteza uwezo wa kutunza kumbukumbu mpya. Wagonjwa hao hawakukumbuka kwamba wamewahi kuicheza gemu hiyo. Hata hivyo baadhi yao walisema waliona maumbo yakianguka.

Kila nikifikiria utafiti huu nasimama kidogo. Mtu hakumbuki gemu, na gemu imo ndani yake. Hivyo kubaki si sawasawa na kukumbuka. Kuna kitu kinachokaa chini ya kumbukumbu, mahali pa mkono na jicho, namna ya kuutazama ulimwengu kama nafasi zinazosubiri kujazwa.

Wazee wa bao wanalijua jambo hili bila maabara. Mjomba wangu, mzaliwa wa Tanga, huweza kuketi barazani na kurudia mchezo wa juzi kete kwa kete: hapa alinamua, hapa akaisafirisha nyumba, hapa mwenzake akakosa mtaji. Bao lina mashimo 32 na kete 64, na uzuri wa mbao zake haumfanyi mtu kuwa fundi. Siku moja nilimuuliza mchezo umemfaidi nini kwa miaka yote hiyo.

"Mjomba," akaniambia, maana sisi huitana hivyo pande zote mbili, "mimi nikimwona mtu ana haraka, najua atakula kete mbili leo na kesho atalia. Hilo sikufundishwa shule."

Sikuona kwamba anatia chumvi. Alichokieleza ni jicho lililozoea kutazama hatua ya tatu kabla ya mkono kugusa ya kwanza.

Lakini bao na Tetris ni ngazi moja tu. Vinabaki kama umbo la fikra. Kuna gemu nyingine zinazobaki kama tendo, na hizo ndizo ninazoziita kubwa.

Shadow of the Colossus ilitoka mwaka 2005 kwa PlayStation 2, ikiongozwa na Mjapani Fumito Ueda. Kijana aitwaye Wander anampeleka msichana aliyekufa, Mono, katika nchi iliyokatazwa. Sauti ya ajabu inamwahidi kwamba huenda msichana akafufuka, kwa sharti kwamba aue majitu 16. Nchi yenyewe ni tupu. Hakuna vijiji wala maadui wadogo wa kukupotezea muda njiani. Ni wewe, farasi wako Agro, upepo, na safari ndefu ya kumtafuta kiumbe mwingine wa kuua.

Unampanda jitu kwa kushika manyoya yake huku akijitikisa, ukifika pale panapong'aa unachoma. Katika gemu nyingine hapo ndipo vigelegele vinapopigwa. Hapa muziki unageuka maombolezo, jitu linaanguka polepole, na nyuzi nyeusi zinatoka mwilini mwake na kuingia mwilini mwako. Jitu la 13 huruka juu ya jangwa na halikushambulii hata mara moja. Unalifuata kwa farasi, unalitoboa kwa mishale lishuke, unarukia bawa lake, unaliua. Na Wander, kadiri anavyoendelea, anazidi kufifia na kuchakaa usoni.

Gemu haikuulizi kama unakubali. Haina kitufe cha kusamehe. Ukitaka kuliacha jitu hai, njia ni moja: zima. Wengi wetu hatukuzima. Tulitaka kuona mwisho, kama vile Wander alivyotaka kumwona Mono akifumbua macho, na katika kutaka huko tukawa tumeshirikiana naye.

Mwaka 2018 gemu hii ilitengenezwa upya kwa PlayStation 4, na picha zake zikawa za kisasa kabisa. Nyasi zinatikisika, manyoya yanaonekana unywele kwa unywele. Nimecheza zote mbili. Uzito wa lile jitu la 13 likishuka mchangani ni uleule. Kama ukubwa wa gemu ungekuwa kwenye picha, hizi zingekuwa gemu mbili. Kwangu ni moja.

Mhakiki wa filamu wa Marekani, Roger Ebert, aliandika mwaka 2010 kwamba gemu haziwezi kamwe kuwa sanaa. Miaka mitano kabla alikuwa ametoa hoja yake yenye nguvu zaidi: sanaa kubwa huhitaji mtunzi ashike usukani, ilhali gemu humpa usukani mchezaji. Hoja hii nzuri ndiyo iliyonisaidia kuona kinyume chake. Katika riwaya naweza kumhukumu mhusika. Nasema "ameua", nafungua ukurasa unaofuata, na mikono yangu ni safi. Katika gemu kitenzi hubadilika nafsi. Tusikilize tunavyozungumza: hakuna mchezaji anayesema "Wander alianguka". Tunasema "nimeanguka", "nimekufa", "nimemuua". Lugha yenyewe imekwisha kukiri jambo ambalo nadharia bado inalibishia.

Mwanafalsafa C. Thi Nguyen, katika kitabu chake Games: Agency as Art cha mwaka 2020, anaeleza kwamba kama mchoraji anavyofanya kazi kwa rangi, mtunzi wa mchezo anafanya kazi kwa utendaji wetu. Anatupa lengo, anatupa uwezo, anatuwekea vikwazo, nasi tunakubali kuwa mtu wa namna hiyo kwa muda. Kwa maelezo hayo, usukani aliopewa mchezaji ndio rangi yenyewe ya mtunzi. Ila Nguyen anatahadharisha pia: pointi ni tamu kwa sababu ziko wazi, na mtu aliyezizoea anaweza kuanza kuyataka maisha yote yahesabike vivyo hivyo. Chombo kinachobaki na chombo kinachoshika kimetengenezwa kwa udongo mmoja.

Gemu iliyonionyesha udongo huo ni Papers, Please ya Lucas Pope, iliyotoka mwaka 2013. Ni mwaka 1982, katika nchi ya kubuni iitwayo Arstotzka, nawe ni ofisa wa mpakani. Watu wanakuja dirishani, unakagua karatasi, unagonga muhuri wa kijani au mwekundu. Unalipwa kwa idadi ya watu. Makosa mawili ya kwanza kwa siku ni onyo, yanayofuata yanakatwa kwenye mshahara. Jioni unapata orodha: kodi ya nyumba, chakula, joto, na wa nyumbani kwako wanaokutegemea.

Siku za mwanzoni anafika mwanamume, karatasi zake zimekamilika. Anakuomba umtendee wema mkewe anayemfuata kwenye foleni. Mke anafika, na hati moja hana. Ukimpitisha, onyo. Ukimrudisha, wametengana, na ni mkono wako uliogonga.

Hakuna jitu wala upanga. Picha ni za rangi tatu nne zilizopauka. Lakini kinachotisha ni jinsi mkono unavyojifunza haraka. Ukifika siku ya kumi huoni tena sura, unaona tarehe zisizolingana. Na unafurahi ukiziona, kwa sababu umeshinda kitu.

Miaka kadhaa baadaye nilipata kazi ya muda ya kupokea fomu dirishani, katika ofisi ambayo sina haja ya kuitaja. Wiki ya tatu akaja mama mtu mzima aliyetoka mbali, kila kitu sawa isipokuwa nakala moja ya kitambulisho. Kabla hajamaliza kunisalimu nilikwisha kuona pengo, na nikahisi ile furaha ndogo ya kulinganisha tarehe. Niliitambua. Nilijua nimewahi kuihisi wapi. Nikamwambia, "Mama, duka la fotokopi liko nyuma ya jengo, nafasi yako naishikilia," nikaiweka fomu yake pembeni mpaka aliporudi.

Sisemi gemu ilinifanya mwema. Pengine ningefanya hivyo bila hiyo, na wenzangu wasiojua gemu walifanya mema makubwa zaidi. Nasema tu kwamba ilikuwa imenipitisha njia ile kabla, ndani ya mwili wangu, na nilipofika nikaijua kona. Mihadhara ya maadili niliyohudhuria ilinifundisha kuhusu ofisa asiye na huruma. Gemu ilinifanya kuwa yeye kwa saa sita, ikanionyesha kwamba hakuanza na roho mbaya. Alianza na kodi ya nyumba.

Kuna pingamizi moja ambalo silipuuzi: labda kinachobaki ni ujana wetu tu. Aliyekulia kwenye banda la gemu, akilipa kwa mechi na kusubiri zamu ya Winning Eleven kwenye benchi, akisikia jina la gemu hiyo anakumbuka kelele, joto, na rafiki aliyekuwa akipiga chenga za kuudhi. Anachokikosa ni lile benchi. Kweli kabisa. Lakini benchi lile halikujikusanya lenyewe. Sheria ya anayefungwa anampisha mwenzake, dakika chache za mechi, uwezekano wa mnyonge kumfunga bingwa mara moja kwa mwezi: mchezo wenyewe ndio uliotukalisha pamoja. Baraza la bao ni hivyohivyo. Gemu inayoacha watu imeacha kitu kikubwa, hata kama chenyewe kimechakaa. Na Papers, Please niliicheza ukubwani, peke yangu, bila ujana wa kuulilia. Nayo imebaki.

Dada yangu ameniuliza majuzi gemu gani inafaa kumpa mwanawe anayetimiza miaka 12. Sikumpa jina. Nilimwambia amwache acheze kitu, kisha baada ya wiki mbili amwombe amsimulie, na asikilize vitenzi. Mtoto akisema "nimefika levo ya 40", ameshikwa. Akisema "nilimwacha yule mzee nje, halafu nikawa namfikiria", aketi naye, amuulize kwa nini alimwacha.